Gemu Milioni Kumi Kasoro Moja

Ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye runinga, ya Kichina, yenye gemu humohumo ndani, usisome boksi lake ukiwa umesimama. Nyingine zimeandikwa gemu 9999999. Nimepiga hesabu: ukiipa kila gemu dakika moja, usile, usilale, utamaliza baada ya miaka 19. Mtoto wa Nguvumali, Tanga, akianza leo darasa la kwanza, atamalizia na mwanawe mapajani.

Hofu ondoa. Ya kwanza ni Contra, ile ya askari wa kufyatua risasi. Mbele kidogo ni Contra yenye risasi kali. Mbele tena ni Contra isiyoanzia mwanzo. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina hatua 32, na humu hatua moja huhesabiwa gemu nzima. Nintendo wenyewe walitoa Famicom, mashine inayoigwa na hizi, mwaka 1983 bila gemu hata moja ndani. Masikini, hawakujua biashara.

Barabara za Ngamiani, hukohuko Tanga, nazo zina namba, lakini angalau ukitoka ya saba ukaingia ya nane hukuti nyumba zilezile zimepakwa rangi nyingine.

Mtoto kamuuliza muuzaji: “Shikamoo mjomba. Mbona hii ndiyo ileile?”

“Marahaba mwanangu. Yule askari kavaa suruali nyekundu. Huyu ya bluu.”

“Na ile namba 9999999?”

Mjomba kakohoa. Kitufe cha kufyatulia risasi, kasema, huwa kinakufa kabla hujafika huko, ila pedi za akiba anazo, bei maelewano.