Shajara ya Mkono wa Kulia

Jumatatu. Kiwiko cha mkono wa kulia kimekataa kuinua kikombe cha chai. Kikombe hakikuwa kimejaa. Kazi yangu hapa Kambove ni kugonga mihuri kwenye hati za malori ya madini, na kila lori linakuja na nakala nne. Nilimweleza shefu kwamba mkono unauma. Akasema nilete karatasi. Kampuni inaamini karatasi kuliko mkono.

Kwenye kituo cha afya foleni ilianzia chini ya mwembe. Mama wa mbele yangu alibeba mtoto mwenye malaria. Kijana wa nyuma yangu alikuwa na malaria yake mwenyewe. Niliona haya kuja na kiwiko.

Muuguzi, ambaye sote tunamwita Docta, alibonyeza ule mfupa wa nje wa kiwiko. Nikaruka. Akaniambia niinue kiti kwa mkono ulionyooka, kiganja kikitazama chini. Kiti kilibaki pale pale. "Ni mushipa tu, Papa," akasema, akaandika "rematisme". Ripoti yake ya mwezi ina mstari wa malaria na mstari wa kuhara. Viwiko havina mstari, kwa hiyo nimehesabiwa katika "mengineyo". Nimewahi kuwekwa pabaya zaidi.

Jumanne. Shefu amenirudishia karatasi. Bima ya kule Lubumbashi haitaki jina la ugonjwa, inataka namba. Rematisme isiyofafanuliwa inayo namba yake, M79.0, lakini bima hailipii kitu kisichofafanuliwa. Wazee wengi wa hapa walioshika koleo tangu enzi za Union Minière waliishi na rematisme isiyofafanuliwa, wakazikwa nayo. Hakuna aliyewadai tarakimu.

Jumatano. Likasi. Teksi-basi haiondoki mpaka ijae, na ikishajaa inaongeza watu. Mfuko wa makala wa abiria mwenzangu ulilalia kiwiko changu njia nzima. Mwenye mfuko aliniuliza kama kwetu wote hawajambo. Nikamjibu hawajambo.

Hospitalini nilipewa namba ya foleni. Hiyo ilitoka bila shida.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alinieleza kwamba misuli inayoinua kiganja imeshikamana na mfupa wa nje wa kiwiko kwa kano, na kwamba kano hiyo ikivutwa kila siku kwa kazi ile ile huchakaa kuliko inavyovimba. Dawa kubwa ni kupunguza kazi hiyo na kuupa mkono mazoezi taratibu. Sindano ipo, nayo hutuliza kwa majuma machache, lakini baada ya mwaka waliochomwa huwa nyuma ya wale ambao hawakuchomwa. Akaongeza kwamba wengi hupona ndani ya mwaka mmoja, watibiwe wasitibiwe. Nilimwomba hilo asiliandike.

Kisha akafungua simu kutafuta namba. Kwanza aliuliza kama kulikuwa na ajali, kwa sababu majeraha yana herufi S, na magonjwa ya mifupa na misuli yana herufi M. S ingehitaji mashahidi. Nilifikiri kidogo, lakini kwa kweli mhuri haujawahi kuniangukia. Akaandika M77.1. Angekuwa mvivu angeandika M77.9, ambayo ni kano inayouma bila kusema ya wapi. Nilitoka mle chumbani nikiwa mtu aliyefafanuliwa.

Ilibaki mhuri wa hospitali. Mwenye ufunguo wa kabati alikuwa amekwenda matangani. Nikakaa kwenye benchi, mgonjwa wa mhuri anayesubiri mhuri, na daktari alipopita akanihadithia habari za ile orodha, nadhani kwa huruma. Waganga wa huku wanaiita CIM-10. Chanzo chake ni Mfaransa mmoja, Jacques Bertillon, aliyewasilisha orodha yake mwaka 1893 kule Chicago ili nchi zihesabu vifo kwa namna moja. Magonjwa ya watu walio hai yaliingizwa mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani lilipoichukua kazi hiyo. Yaani walianza na wafu, sisi tukafuata. Foleni hiyo inaeleza mambo mengi.

Alhamisi. Shefu ameitafuta M77.1 na kukuta kwamba ndicho kile kiwiko cha wacheza tenisi. Aliniita, akafunga mlango. "Papa, uko unacheza tenisi saa ya kazi?"

Nilijibu kwamba katika ukoo wetu aliyeikaribia tenisi ni baba mkubwa peke yake. Aliwaokotea Wazungu mipira wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville. Shefu aliandika jambo fulani. Sikupenda urefu wake.

Nikajitetea kwa historia, kwa sababu daktari alikuwa amenipa silaha. Tenisi iliingia katika habari hii mwaka 1882, kupitia mganga Mwingereza aitwaye Henry Morris. Lakini miaka tisa kabla yake, mwaka 1873, Mjerumani aitwaye Runge alikuwa ameshayaeleza maumivu haya kwa watu wanaoandika. Kwa hiyo ni ugonjwa wa makarani, tenisi imetunyang'anya. Shefu alisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nakala ya hayo maandishi ya 1873, iliyogongwa mhuri.

Ijumaa. Umeme ulikatika asubuhi. Ulirudi saa nane, ukamkuta karani wa kompyuta amekwenda kula bukari. Alirudi saa tisa, umeme ukaondoka. Walikutana saa kumi.

Programu ya bima ikaikataa M77.1. Ilitengenezwa kwa orodha ya Wamarekani, ambao wameongeza tarakimu moja ya kusema ni kiwiko kipi: 1 ni cha kulia, 2 ni cha kushoto, 0 ni hakijulikani. Ya Shirika la Afya Duniani inaishia pale alipoishia daktari wangu. Lipo hata toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Halijafika ofisini kwetu. Barabara ni mbovu.

Karani aliniambia nisihangaike, tarakimu ataijaza mwenyewe. Alinitazama vizuri. Mkono wangu wa kulia, kutoka pale alipokaa, ulikuwa upande wake wa kushoto. Akabonyeza 2. Nilisema neno, lakini printa ilikuwa imeshaanza kupiga kelele.

Jumamosi. Jibu limefika kwa kasi ambayo sijawahi kuiona katika kampuni hii. M77.12 imekubaliwa. Mkono wa kushoto umepewa mapumziko ya majuma matatu, pamoja na pole za uongozi. Ili kurekebisha inatakiwa karatasi mpya ya daktari, yenye mhuri, na shefu amenikumbusha kwamba karani mwenye mkono mmoja mzima hana sababu ya kukosa kazini.

Jumatatu nitagonga kwa ule wa kulia. Madereva mnaopita kwetu Kambove juma lijalo, naombeni mje na nakala mbili tu.