Kikopo Kina Saa Zake: Mwongozo kwa Mgeni wa Maabara

Umevuka maji kutoka Kilwa Kisiwani, umepanda bodaboda pale Masoko, umefika Hospitali ya Kinyonga huko Kivinje, na daktari kakuandikia vipimo. Unadhani kazi imekwisha. Ndugu yangu, ndiyo kwanza inaanza. Shika haya.

1. Lipa kabla hujakojoa. Kikopo kisicho na risiti ni mkojo tu. Kama una bima, kadi itangulie dirishani, nawe ufuate. Ukibanwa ukiwa kwenye foleni ya malipo, usimnunie karani. Maji hukuyanywa kwa amri yake.

2. Usije na chombo chako. Chupa ya mafuta ya nazi haisafiki hata ukiisuuza mara saba, na kuleta choo kikubwa ndani ya kiberiti tuliwaachia wazee. Pokea kikopo cha hospitali, uandike jina ubavuni, si kwenye mfuniko, maana mifuniko huhamahama. Ukiitwa Mwanahawa Saidi, ongeza jina la babu. Akina Mwanahawa Saidi pwani hii ni wengi, na huenda mwenzio kaja kupima mimba.

3. Heshimu ratiba ya wadudu. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kichocho cha mkojo, ambacho ukanda huu wa Lindi unakifahamu tangu zamani, mayai yake hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Ukikojoa nyumbani alfajiri ukaja nao kwenye mfuko, umeleta mkojo uliotangulia mayai yenyewe. Tembeatembea kwanza, kisha ukinge mpaka matone ya mwisho, kwani humo ndimo mayai yanamokaa. Lakini ukipimwa maambukizi ya njia ya mkojo, mambo ni mengine: wa mwanzo umwage, wa katikati uukinge.

Minyoo ya matende na mabusha ina ukaidi wake. Watoto wake hushinda mchana kutwa wamejificha kwenye mapafu, wakaingia kwenye damu ya pembeni kati ya saa 4 na saa 8 usiku. Kwa hiyo akija mtaalamu kijijini usiku kukutoboa kidole, usipige yowe la mumiani. Mtu huyo amekuja kwa saa za mdudu. Siku hizi kipo pia kipimo cha haraka kisichojali usiku wala mchana.

Makohozi ya kupima kifua kikuu nayo si mate. Mate hata mwenye afya anayo. Kohoa kutoka kifuani, asubuhi, nje penye upepo, mbali na mama mwenye mtoto mgongoni. Kipimo hiki ni bure, hivyo usitafute visingizio vya mfuko mtupu.

4. Usigande dirishani. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua robo saa hivi. Kuotesha vijidudu vya mkojo huchukua siku moja au mbili, na vya kifua kikuu huchukua wiki kadhaa. Kumchungulia mtaalamu kila dakika hakuwafanyi wadudu waote haraka.

5. Karatasi ya majibu irudi kwa daktari. Haipiti kwanza barazani kwa mjomba anayesoma kila kitu, wala duka la dawa kwa kijana mwenye huruma. Na kipimo kikisema huna malaria, usimgombeze daktari ati mwili wako unajijua. Homa zina wazazi wengi. Malaria ni mmoja wao tu.

Ukisahau yote, usisahau kumuuliza mtaalamu wa maabara kabla hujashika kikopo: nilete saa ngapi, na majibu nifuate lini? Kuuliza hakuna risiti.