Testa ya Fundi Wetu

Fundi wetu wa Mwanza hana makuu. Iwe bawaba ya mlango Kirumba, soketi Igoma au kifuniko cha injini ya boti Mwaloni, chombo chake ni kimoja: testa. Ilitengenezwa kupima umeme. Yeye anafungulia dunia nzima. Ikigoma, ipo nyundo, maana kwake skrubu ni msumari mbishi tu.

Henry Phillips wa Marekani alijisumbua bure kupata hataza za skrubu ya nyota mwaka 1936. Angepita Makoroboi angeulizwa: "Mzee, pembe nne za nini, wakati mbili zinatosha?" Ndiyo, bisibisi bapa kama testa hushika mbili tu. Na bisibisi ya nyota namba 1 kwenye skrubu ya namba 2 hucheza, huteleza, na kila ikiteleza hula kingo, hadi kichwa kinabaki laini kama kibakuli cha uji. Hapo fundi hufuta jasho na kutoa hukumu: "Bosi, skrubu za siku hizi feki."

Kanuni ni nyepesi: bapa ijaze mfereji, nyota iende na nyota, namba kwa namba. Ikikaa bila kucheza, kandamiza ndipo uzungushe.

Lakini tusimsulubishe fundi peke yake. Mwenye nyumba aliyepunguza bei mpaka nauli ya daladala alitaka aletewe seti nzima? Amepata alicholipia: mlango umefungwa. Kuja kuufungua ni bajeti ya mwakani.