Sifa za Chaguo la Mwisho

Chaguo la kwanza limesifiwa vya kutosha. Lina wazazi wake, lina walimu, lina mjomba wa Dar es Salaam anayepiga simu kila jioni kuuliza kama mtoto "ameshajaza udaktari". Mimi leo namsifu mnyonge wa fomu ya udahili: ile kozi ya chini kabisa, iliyojazwa kwa kuwa mfumo uligoma kuendelea pakiwa na nafasi tupu.

Anayetaka kuiona ikizaliwa aingie steshenari yoyote ya Sumbawanga mjini mwishoni mwa Julai. Matokeo ya kidato cha sita yameshatoka, mahindi yameanza kuuzwa, na baridi ya Ufipa bado haijakata, kwa hiyo wazee wanaingia na makoti yao mazito. Mara nyingi mwombaji mwenyewe hayupo. Yuko JKT kwa mujibu wa sheria, pengine hapa hapa mkoani, Luwa au Milundikwa, anapiga mchakamchaka na simu ameiacha nyumbani. Anayemchagulia maisha ni shemeji yake. Chaguo la kwanza linajadiliwa nusu saa nzima: Udaktari. La pili, Famasi. Kwenye la tatu hoja zinaanza kuisha. Kufika la mwisho, foleni imefika mlangoni, umeme unakatika-katika, na kijana wa kompyuta anauliza bila hata kugeuka, "Hapa niweke Ualimu?" Shemeji anautazama ukuta, penye tangazo la picha za paspoti.

"Weka tu."

Maneno mawili, na mtu amepata kazi ya kufanya mpaka astaafu! Falsafa gani imewahi kufupishwa namna hiyo?

Tena chaguo hili halina maringo. Udaktari unakudai Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, na ukishazileta unakuambia wenye alama nzuri kuliko zako wamejaa. Chaguo la mwisho halikuulizi ulikuwa unapendana na nani. Linakungoja hadi dirisha la pili la udahili, wakati wale wa juu wote wamekukana.

Na ni la kizalendo kupita kiasi. Mwaka 2005 Mkwawa ya Iringa na Chang'ombe ya Dar es Salaam zilifanywa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili zitoe walimu, na miaka miwili baadaye ikaja Dodoma na kumbi zake kubwa. Nani angezijaza kumbi zile kama kila kijana angepata alichokipenda? Mwalimu wa Hisabati wa Laela au Matai, muulize kwa upole aliomba nini mwanzo. Mpe na kiti, maana jibu ni refu. Hata Bodi ya Mikopo ilililea chaguo hili: kwa miaka mingi wanaosomea ualimu wa sayansi na hisabati wamekuwa kwenye orodha ya kipaumbele. Mtoto wa mkulima wa Nkasi, mwenye safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kufika Dar es Salaam, hahitaji kuambiwa mara mbili. Penye bumu ndipo penye wito.

Wenye dharau wamkumbuke Julius Nyerere. Alisomea ualimu Makerere. Alipofika Edinburgh akaanza na kemia na fizikia, halafu akahama, akamaliza shahada ya sanaa mwaka 1952. Nchi nzima ikamwita kwa jina la kazi ambayo shemeji huiweka mstari wa mwisho.

Watasema wahitimu wa ualimu wanakaa mtaani miaka na miaka wakisubiri ajira. Ni kweli, na hapo ndipo ninapolivulia kofia kabisa. Ni kozi gani nyingine inayomrudisha msomi shambani bila kumlazimisha? Ufipa sasa tuna mahindi yaliyopandwa na watu wenye shahada, kwa mistari iliyonyooka kama ya ubaoni, na deni la Bodi linakua sambamba na mbolea ya kukopa. Waliolipanga hilo wanastahili sifa nyingi kuliko mimi ninavyoweza kuzitoa, ingawa kila ofisi ninayoitajia hunielekeza kwa jirani yake.

Lina kasoro moja tu. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri kwenye simu, athibitishe anakwenda wapi. Mara kibao namba hiyo inaingia kwenye simu ya kijana wa steshenari, kwa sababu siku ile shemeji alisema, "Weka yako tu, ya kwetu mtandao hausomi."

Kwa hiyo wewe unayekwenda kuomba chuo mwaka huu, anza kujaza kutoka chini kwenda juu, wakati akili bado haijachoka na foleni haijawa ndefu. Na namba ya simu, weka yako.