Waraka kwa Kikao cha Magamba Kuhusu Mtu wa Tatu Melini

Waraka huu, unaotumwa kutoka mji wa Reading nchini Uingereza kwenda kwa kikao cha ukoo kinachokaa Magamba, juu kidogo ya mji wa Lushoto, unahusu utaratibu wa kumwongeza mtu katika chumba cha meli ya utalii ambacho kilikwisha kuwekwa kwa jina la watu wawili. Na kwa kuwa kikao hicho kimekwisha kuamua, bila sauti hata moja ya kupinga, kwamba shangazi anayetarajiwa kuja Reading kwa matembezi ataandamana na mpwa wake na mke wa mpwa wake kwenda kuiona Norway, imeonekana vyema uamuzi huo upatiwe maelezo, japo baada ya kutolewa.

Meli ya utalii, kwa faida ya wale walioizoea meli kama chombo cha kutoka bandari moja kwenda nyingine, ni hoteli inayoelea ambayo abiria wake hupanda Southampton, huzungushwa kwa muda wa wiki moja hivi katika ghuba nyembamba za Norway zilizochongwa na barafu ya kale katikati ya milima, kisha hushushwa Southampton ileile wakiwa wameongezeka uzito. Swali lililoulizwa kikaoni, la kwamba basi watu hao wamekwenda wapi, ni swali zuri ambalo hata Waingereza hawajalijibu, na inaeleweka kwa nini liliulizwa Magamba, ambako mtu akiteremka hadi Mombo na kupanda tena bila kununua, kuuza wala kuzika, huulizwa kwa upole kama yu mzima. Swali la pili, la kwamba kwa nini mtu wa Usambara atoe fedha ili akatazame milima, ni bora liachwe.

Chumba chenyewe, ambacho mabaharia hukiita kabini, huuzwa kwa hesabu ya watu wawili, na hapa ndipo penye jambo ambalo wajumbe watalazimika kulisoma mara mbili: anayesafiri peke yake mara nyingi hutozwa nauli inayokaribia ya watu wawili, maana yake ni kwamba kitanda kitupu nacho husafiri kwa tiketi, ilhali mtu wa tatu na wa nne kwa kawaida hutozwa pungufu ya wale wawili wa kwanza. Huyo wa tatu hulala juu ya kochi linalofunguka likawa kitanda, au juu ya kitanda cha kukunja ambacho mhudumu hukishusha kutoka darini kila jioni na kukirudisha asubuhi, na ambacho hufikiwa kwa ngazi. Shangazi, ambaye umri wake haujadiliwi hapa, ametumiwa picha ya ngazi hiyo kwa simu na kutoa maoni ambayo nayo hayatajadiliwa. Si kila chumba kina malazi ya namna hiyo, na pale yasipokuwapo, hakuna godoro linaloweza kutandikwa sakafuni, hata likibebwa kutoka nyumbani.

Ugumu wa kikao kuipokea hoja hii unatokana na elimu ya usafiri ambayo wajumbe wake wameipata barabarani. Katika magari aina ya Noah yanayopanda kutoka Lushoto kwenda Magamba na kuendelea hadi Lukozi, kanuni kuu ni ile inayotangazwa na makondakta kwamba gari haijai: kiti kilichobuniwa kwa ajili ya watatu huchukua wanne, mmoja akiambiwa akae mbele kidogo na mwenzake aegemee nyuma, mtoto wa mgongoni hahesabiwi, na kiroba cha karoti huhesabiwa tu pale kinapogombana na miguu ya mwenye kauli. LATRA, yaani mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyorithi mwaka 2019 sehemu ya kazi za SUMATRA, ina mtazamo tofauti kuhusu kanuni hiyo, ingawa mtazamo huo huheshimiwa zaidi karibu na vituo vya ukaguzi. Kikao kimeihamisha kanuni hii kutoka barabarani hadi baharini bila kuifanyia marekebisho yoyote, na ujumbe uliofika Reading ulisema, kwa ufupi, kwamba wasogee.

Hata wakisogea, tatizo haliko kitandani. Liko nje ya ukuta wa chumba, ubavuni mwa meli, zinakoning'inia mashua za kuokolea, kwani kila abiria hupangiwa kituo cha kukusanyikia, yaani mahali anapopaswa kwenda king'ora kikilia, na kila kituo kimefungamana na mashua zenye idadi maalumu ya viti. Ndiyo sababu kampuni ya meli inaweza kukiri kwamba chumba kina kitanda cha tatu, na kwamba kitanda hicho ni kitupu, na bado ikakataa kumpokea mtu wa kukilalia, kwa kuwa viti vya mashua za sehemu ile ya meli vimekwisha. Titanic, iliyong'oa nanga Southampton hiyohiyo tarehe 10 Aprili 1912, ilikuwa na mashua 20 zenye nafasi ya watu 1,178, ilhali waliokuwamo walizidi 2,200, na kwa kufanya hivyo haikuvunja sheria, kwa sababu kanuni za Uingereza za wakati ule zilihesabu mashua kwa kuangalia ukubwa wa meli badala ya idadi ya watu. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kwa kifupi kuwa SOLAS, ulizaliwa mwaka 1914 kutokana na msiba huo, na toleo lake la mwaka 1974, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ndilo linalotumika mpaka sasa. Wajumbe, hata hivyo, hawahitaji kwenda mbali hivyo: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, na waliokufa walikuwa 228. Juu ya idadi hizo mbili waraka huu hauna mzaha.

Hesabu ya viti vya mashua ndiyo inayoeleza pia sheria ambayo akina mama wa kikao wameiita ya ukatili, kwamba mtoto mchanga ni abiria kamili, mwenye nafasi yake na mara nyingi nauli yake, na kwamba kampuni nyingi hazimpokei kabisa kabla hajatimiza miezi 6, kama zisivyompokea mjamzito atakayeingia wiki ya 24 ya mimba kabla ya safari kwisha. Kwa hiyo pendekezo la kwamba binamu aje na mtoto mgongoni, wote wawili wakiandikwa kama mmoja, limepokelewa, limesomwa na limehifadhiwa.

Mzee mmoja aliyetaka kujua kama meli hizo ni imara anastahili jibu lake, nalo lina fahari kidogo ndani yake: kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, ambacho ni miongoni mwa viwanda vikubwa vinavyounda meli za utalii za leo, ndicho kilichounda mwaka 1913 meli iliyovunjwavunjwa, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli vipande vipande na kuunganishwa upya Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na kupewa jina la Liemba. Abiria wa Liemba, kwa miongo mingi, walipandia katikati ya Ziwa Tanganyika kutoka kwenye mitumbwi, wakiwa na mananasi na dagaa, na huenda kumbukumbu hiyo ndiyo inayomfanya mzee aamini kwamba shangazi anaweza kuingilia njiani.

Kuhusu utaratibu wenyewe hakuna mengi ya kusema. Buking iliyofanywa kupitia kwa wakala hubadilishwa na wakala, si na mwenye chumba anayepiga simu kwa hasira. Mara nyingi bei hukokotolewa kwa viwango vya siku ya kuongeza mtu, na punguzo lililopatikana awali linaweza kuyeyuka. Na ni salama zaidi jina liingie kabla ya siku ya malipo ya mwisho, ambayo huja wiki nyingi kabla ya safari. Jina hilo sharti lilingane na pasipoti herufi kwa herufi, na hapa kikao kimeleta utata usiokusudiwa kwa kutuma jina ambalo tarafa nzima humwitia shangazi, yaani jina la mwanawe wa kwanza likitanguliwa na neno Mama.

Zito zaidi ni viza, kwa sababu shangazi atahitaji mbili: ya Uingereza, ambayo lazima iwe hai siku meli itakaporudi, na ya Schengen, kwa kuwa Norway, ijapokuwa haimo katika Umoja wa Ulaya, imo katika eneo la nchi zilizofuta ukaguzi wa pasipoti baina yao. Mkataba ulioanzisha eneo hilo ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985 ndani ya meli ya abiria iitwayo Princesse Marie-Astrid, iliyokuwa mtoni Moselle karibu na kijiji cha Schengen huko Luxembourg, hivyo kwamba viza inayowazuia watu kupanda meli ilizaliwa melini. Waombaji hutakiwa kuonyesha taarifa ya benki, na ni vyema ieleweke mapema kwamba ng'ombe, miti ya matunda na shamba la viazi, hata likiwa zuri kiasi gani, havionekani katika taarifa hiyo.

Wakala amejibu kwamba chumba kinachukua zaidi ya wawili, kwamba viti vya mashua katika kituo husika bado vipo, na kwamba shangazi atalala kwenye kochi, mbali na ngazi, iwapo jina sahihi litafika kwa wakati. Kwa bahati mbaya wakala huyo, ambaye hajui Magamba, aliongeza kwa ukarimu kwamba kitanda cha nne nacho ni kitupu, na barua yake ilisambazwa katika kundi la ukoo kabla ya mtu yeyote wa Reading kumaliza kuisoma. Kikao kinaombwa kisilitangaze jambo hilo gulioni, ingawa kwa habari zilizofika usiku wa kuamkia leo, binamu wawili wamekwisha kuonekana Lushoto mjini wakipiga picha za pasipoti.