Kwa Heshima ya Benz Kuukuu

Toyota imesifiwa vya kutosha. Hakuna mtu kati ya Busia na Tororo asiyejua kwamba Probox haifi: inabeba vitunguu, inabeba saruji, inabeba abiria 9 na mbuzi, na kesho alfajiri inawaka kwa mguso mmoja. Sawa, hongera zake. Lakini ni lini majirani waliwahi kukusanyika kwa ajili ya Probox? Gari lisilomhitaji mtu halimjengi mtu. Mimi leo nalisifu lile jingine: Mercedes kubwa ya miaka 20 na ushei, nyeusi iliyokwisha kuwa kijivu juu ya boneti, ngozi ya kiti cha dereva imepasuka, na bei yake ni ndogo kuliko ya Premio. Kila Jumamosi utamkuta mtu akiizunguka chini ya mwembe, mikono nyuma, midomo ameibana, akijiuliza anunue au asinunue. Mara nyingi ni mtu wa heshima zake, ametoka Kiyeyi au Nagongera, upande wa Uganda, na pesa za mpunga mfukoni. Anunue.

Kwanza ajue kwamba anachokitazama kina ulinzi wa sheria za nchi mbili. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Uganda ilikuwa na moyo mkubwa zaidi, hadi mwaka 2018 Bunge lilipopitisha sheria ya kukataa gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Mwaka huohuo, mwezi wa Februari, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikuja Busia kufungua kituo cha pamoja cha mpakani, ili mtu na mzigo wake wasikaguliwe mara mbili. Matokeo yake yanapendeza kuyatazama: nyanya zinavuka, samaki wanavuka, mahindi yanavuka, ila S-Class ya mwaka 2001 yenye namba ya Kenya, hata iwe ya bei ya kutupa, haiwezi kuhamia Kiyeyi. Mtu ataipapasa upande ule, atapiga nayo picha, atarudi nyumbani. Akitaka ya kwake, atafute iliyovaa namba ya Uganda kabla mlango haujafungwa. Kwa hiyo kila Benz kuukuu iliyoko Tororo ni mwenyeji kamili. Kenya haitaipokea, na wenzake wa rika lake waliobaki ng'ambo hawataruhusiwa kumfuata.

Mengi ya magari haya waliyaachilia Wajapani. Kule kuna ukaguzi wa lazima wa kila miaka 2 kwa gari lililotumika, na una gharama yake. Mjapani, mtu wa hesabu, alikaa chini akapiga hesabu, akaliuza. Sisi tulilipokea bila kupiga.

Halafu kuna uchumi. Gari hili lilipokuwa jipya lilikuwa na bei ya jumba. Thamani hiyo ikaporomoka mikononi mwa watu wengine: balozi, kisha meneja wa benki, kisha mfanyabiashara wa mbao, kisha mchungaji. Wewe unakuja wa tano, unaokota. Atatokea mtu akuonye kwamba gari limezeeka bei lakini spea zake hazijazeeka hata siku moja, na kwamba kifaa kimoja kinaweza kuitisha robo ya pesa ulizonunulia gari zima. Anasema kweli, ila hajauona utu uliomo. Spea ya Mercedes haibagui. Haiulizi kama gari ulilipata dukani Stuttgart au chini ya mwembe. Inakutoza sawasawa na balozi. Ni wapi pengine duniani mkulima wa mpunga anatozwa sawasawa na balozi?

Na adabu! S-Class iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005 kwa kawaida haikukalia springi za chuma bali mifuko ya mpira iliyojazwa upepo. Mpira ukizeeka unapata nyufa zisizoonekana, upepo unavuja polepole usiku kucha, na kukipambazuka gari limelala juu ya matairi yake. Watu wa mjini huita hilo ubovu. Lakini huku mashariki ya Uganda binti aliyelelewa vizuri humsalimu mkubwa kwa kupiga magoti, na hivyo ndivyo Benz inavyomngoja mwenyewe uani. Ukiwasha, pampu ya upepo inaanza kunguruma huko mbele, maandishi mekundu yanajitokeza kwenye dashibodi kukuambia usubiri, na kuku waliokuwa wamejiegemeza ubavuni wanaondoka mmoja mmoja bila haraka, maana wamezoea. Dakika moja, mbili. Upande wa kushoto unainuka. Wa kulia unafikiria. Siku pampu itakapochoka kabisa, fundi atakushauri ung'oe mifuko yote uweke springi za kawaida, na ushauri wake utakuwa mzuri, na gari litasimama wima mchana na usiku. Ila hutasalimiwa tena.

Ndugu yake, E-Class iliyotoka 2002, alikuja na breki za umeme zenye sifa ambayo hata wahasibu wengi hawana. Pampu yake inahesabu kila unapokanyaga breki, na idadi iliyopangwa ikitimia, taa nyekundu inawaka kukutaka uibadilishe, hata kama bado inafanya kazi. Kampuni iliyaita mamia ya maelfu ya magari hayo kuyakagua mwaka 2004, ikayaita mengine 2005, kisha ikaachana na breki zenyewe. Yaliyobaki barabarani yanaendelea kuhesabu. Sasa ifikirie njia ya kutoka Busia hadi Tororo: malori, ng'ombe, bodaboda inayogeuka bila kutazama nyuma, na matuta. Matuta! Mhandisi wa Ujerumani alikadiria maisha ya dereva wa Ujerumani. Hakuambiwa kwamba kuna watu wanaishi kati ya tuta na tuta. Na kwa wapenda mazingira zipo Mercedes za miaka ya mwanzo ya 1990, ambazo nyaya za injini zilivikwa ganda la aina mpya, linalooza lenyewe na kurudi udongoni. Likaoza kweli. Halikungoja gari life kwanza.

Lakini hayo yote ni madogo. Sababu kubwa ya kununua Benz kuukuu ni kwamba inakupa ukoo wa pili. Kuna fundi wako wa injini pale Tororo. Kuna fundi wa umeme, ambaye hawasemezani na yule wa kwanza. Kuna mwenye kompyuta ndogo ya kusoma makosa ya gari, anayeichomeka chini ya usukani na kukaa kimya muda mrefu kabla ya kusema, "Mzee, hapa kuna mambo." Kuna kijana wa Kisekka, Kampala, anayepokea simu saa tatu usiku na kukuhakikishia kwamba ipo, orijino, imeshuka jana kutoka Dubai. Kuna mwenzake wa Kirinyaga Road, Nairobi, mtaa ambao wazee wangali wanauita Grogan, naye anasema ya Kisekka ni feki. Kuna kondakta wa basi anayekubebea kifurushi mapajani. Kabla ya Benz hukuwafahamu. Sasa wanajua jina la mkeo, wanauliza hali ya mama, na mvua ikipita bila wewe kupiga simu wanaingiwa na wasiwasi.

Wahenga waliosema ukiona vyaelea vimeundwa hawakuwa wameiona Benz ya Tororo, ambayo imeundwa mara nne na haijaelea. Fungua boneti utazame. Feni iliyokuwa ikiamrishwa na kompyuta sasa inawashwa kwa swichi ya ukutani, nyeupe, ya kuwashia taa ya sebuleni, iliyokazwa kwa skrubu mbili chini ya dashibodi. "Mkubwa, hiyo tumeipiga dairekti," fundi anakueleza, akijifuta mikono. Themostati iko kwenye kopo la misumari. Injini ilipopata joto kupita kiasi hiyo ndiyo iliyoshukiwa kwanza, ikatolewa. Wajerumani walimimina miaka ya akili humo ndani, na kijana aliyeishia darasa la saba ameiondoa kwa bisibisi na gari linatembea. Usiniambie hiyo si elimu.

Na jioni, kwenye chungu cha pombe ya malwa, mirija yote imezamishwa na habari zinazunguka, mwenye Probox ana nini cha kuchangia? Amekwenda, amerudi. Mwenye Benz ana habari mpya kila siku, na zina wahusika wengi, na hazina mwisho.

Wengine wanasema gari hili ni la majivuno. Baada ya uhuru watu wa nchi zetu walikuwa na jina la kabila lililotawala kila mahali bila kijiji wala lugha: Wabenzi. Hata serikali zimewahi kujaribu kuwapunguza. Juni 2009 Uhuru Kenyatta, wakati huo Waziri wa Fedha, alisoma bajeti na kuwaambia mawaziri wa Kenya warudishe magari makubwa, kila mmoja abaki na moja tu lisilozidi 1800cc. Zikanunuliwa Volkswagen Passat, na waheshimiwa wakaachana na Mercedes zao shingo upande, sura zao ukiziona ungedhani wamefiwa. Mimi nauliza: huo ukubwa uliopita ulikwenda wapi? Haukuteketea. Ulishuka ngazi kwa ngazi hadi umefika chini ya mwembe huu. Wabenzi ndio kabila pekee la Afrika Mashariki ambalo mtu anaweza kuingia kwa mtumba.

Mafuta? Injini ya lita 5 na silinda 8 inakunywa, ndiyo. Lakini mpakani kunywa ni somo. Mwenye gari la namna hii anajua petroli ni bei gani pande zote mbili, shilingi ya Kenya inabadilishwa kwa ngapi asubuhi ya leo, na lini jerikeni zinaanza kubadili mwelekeo. Nimewasikia wakijadili bei ya pipa la mafuta ghafi kwa ufasaha ambao sijausikia redioni. Zaidi ya hapo, mji wa Busia ndio uliouanzishia ulimwengu bodaboda, zile baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kati ya forodha na forodha, na biashara yenyewe inahitaji wateja wa kudumu. Wateja hao ni akina nani, kama si wenye Benz?

Hesabu ya heshima ndiyo inayomaliza ubishi. Liangalie gari hili msibani. Probox ikifika inaelekezwa nyuma, kwenye masufuria. Benz ikifika watu wa hema wanasogeza viti. Hakuna anayeuliza ilitoka nyumbani saa ngapi, wala kwa nini mwenyewe ana grisi kwenye mkono wa shati. Na kama ni ile S-Class pana ya 1991 hadi 1998, yenye vioo vya tabaka mbili, ndani hakusikiki hata kilio. Na milango ya zile zilizowekewa mitambo kamili huwa haipigwi, unaisogeza tu na inajivuta yenyewe hadi ikafunga, taratibu, mbele ya wakwe. Nimemwona mzee mmoja akiufungua mlango na kuufunga mara tatu kabla ya kwenda kutoa rambirambi. Harusini ndiyo inayofunguliwa njia, imefungwa utepe, na yakikubaliana mambo inaweza hata kukodishwa, mradi bibi harusi aelezwe mapema kwamba kiyoyozi hakifanyi kazi na kioo cha upande wake kikishushwa hakipandi.

Kilichobaki ni namna ya kununua. Usimwulize muuzaji kama gari ni zima. Ni kumvunjia heshima. Mwulize anauza kwa nini. Atasema ada ya shule. Wote husema ada ya shule. Ambaye watoto wake wamemaliza chuo atasema ni ya wajukuu. Mpe pole, ukubali. Nenda na fundi wako, si wake. Nenda alfajiri bila kupiga simu, maana akijua unakuja atalipasha moto mapema, na weka kiganja juu ya boneti kabla salamu hazijaisha. Fundi afungue kifuniko cha mafuta ya injini atazame kama chini yake kuna ute mweupe. Ukiwepo, maji na mafuta yameshaoana, mnywe chai mwondoke. Usipokuwepo, mwambie mwenyewe aliwashe, mlizungushe hadi ng'ambo ya reli na kurudi, alizime, mkae robo saa, aliwashe tena. Likiwaka mara ya pili, toa nusu ya bei aliyotaja. Lisipowaka, toa robo, na umwombe akuazime kamba.