Pemba Zangu Zimechacha

Mama wa gengeni alinijua kuliko mume wangu. Nikitokeza tu kwenye kona na tumbo langu la miezi mitano, tayari ananifungia pemba za udongo za mia tano kwenye gazeti. Zile kavu, zenye harufu ya moshi, si zile mbichi zinazonata kwenye meno. Kama hujawahi kutamani kuilamba ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza, usinihukumu. Usiku zikiniishia nilihamia kwenye ndoo ya mchele. Mama mkwe akawa anasikia kwacha-kwacha jikoni, akamtuma mwanawe anunue sumu ya panya.

Panya mwenyewe mimi.

Kliniki nesi akanichoma kidole: damu 8.4, na mjamzito anatakiwa afike angalau 11. "Mama, unakula udongo?" Nikakana. Akanitazama meno. Kumbe mwili ukipungukiwa na madini ya chuma, mtu anaweza kutamani udongo, barafu, hata mchele mbichi. Na huo udongo, ukishafika tumboni, unanasa hata kile chuma kidogo kilichomo kwenye chakula. Yaani kila siku nilikuwa natoa mia tano ili niibiwe vizuri.

Nikapewa FEFO, vidonge vya kuongeza chuma, na masharti juu: nisimeze na chai, chai inazuia chuma kisiingie mwilini. Nimeze na maji ya machungwa. Mimi, ambaye bila chai ya rangi sijibu hata salamu! Siku ya kwanza kichefuchefu. Siku ya pili choo cheusi kama lami. Siku ya tatu hakikuja kabisa.

Wiki ya tatu nikang'ata pemba. Udongo! Ina ladha ya udongo! Nikajua nimeuziwa feki, nikarudi gengeni kwa shari. Mama wa watu akachukua kipande, akatafuna taratibu, akameza. "Ni zile zile, mwanangu."

Mchele nao umegeuka changarawe. Mahali pake imekuja njaa yenyewe, ile inayodai nyama ya mchuzi, si mchuzi wa nyama. Saa nne asubuhi nawaza samaki wa kupaka. Mume wangu, aliyenisema miezi miwili kwa sababu ya udongo, juzi karudi kutoka buchani, kaketi kimya, kisha kaniuliza kwa upole kabisa kama zile pemba kweli zina madhara kiasi hicho.